Paa la Mkunazini

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja, zina vyumba virefu lakini vyembamba. Waliozijenga hawakukosa fedha. Wengine walikuwa na mashamba ya mikarafuu, majahazi baharini na milango ya nakshi iliyogharimu kuliko nyumba nzima ya jirani. Kilichowabana ni boriti. Mti wa mkoko, ulionyooka na kukauka vizuri, hubeba dari kwa upana wa mita 3 hivi. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, kisha watu hushindilia siku kwa siku mpaka sakafu iwe ngumu. Mzigo huo ni mkubwa. Fundi akivuka kipimo hicho, boriti itapinda, na siku moja itavunjika. Ndiyo maana mwenye mali aliyetaka ukumbi mkubwa aliongeza urefu, wala hakugusa upana.

Sasa ingia katika kanisa la Waanglikana lililopo Mkunazini, uinue macho. Kutoka ukuta hadi ukuta ni futi 28 hivi, takriban mita 8 na nusu, na hakuna boriti hata moja. Kuna tao refu la zege lililotanda juu ya ukumbi wote, kama nusu ya pipa lililolazwa. Vitabu vya kuongoza wageni hupenda kusimulia habari za altare na za soko la watumwa, na habari hizo zina haki ya kusimuliwa. Lakini mimi naona kwamba anayetaka kulielewa jengo hili aanzie juu. Paa ndilo lililowatia watu hofu zaidi wakati wa ujenzi, na ndilo linaloonyesha ni nini kilitokea pale mtindo wa Ulaya ya kaskazini ulipojengwa kwa mawe ya bahari ya Hindi.

Misheni iliyolijenga ilizaliwa kutokana na hotuba. Mwaka 1857 David Livingstone aliwahutubia wasomi wa Cambridge, akawataka wasiiache njia aliyoifungua barani Afrika. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na baadaye Durham na Dublin, vikaunda Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake nne, UMCA. Safari yao ya kwanza, katika nchi ya mto Shire, iliishia kwenye homa na vifo. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki huko Januari 1862. Mrithi wake, William Tozer, aliamua kuhamishia makao Unguja, akafika mwaka 1864. Alifuatana na rafiki yake Edward Steere, msomi wa sheria aliyegeuka kasisi, ambaye alikuwa akihudumu katika kijiji kidogo cha Little Steeping, jimbo la Lincolnshire, Uingereza.

Steere alijifunza Kiswahili kwa kasi iliyowashangaza wenzake. Kufikia mwaka 1870 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha sarufi na mkusanyo wa hadithi za Waswahili alizoziandika kama alivyosimuliwa na watu wa Unguja. Nalitaja hili si kwa kumsifu tu. Mtu aliyezoea kukaa na fundi wa maneno, akamsikiliza, akaandika anachosema bila kumsahihisha, anaweza pia kukaa na fundi wa mawe.

Mwaka 1873 mambo yalikuja kwa mkupuo. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alifika Unguja mwezi Januari kumtaka Sultani Barghash bin Said azuie biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Barghash alikataa. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu na minazi na kuzamisha vyombo bandarini, na hakuona sababu ya kujiongezea hasara. Baada ya vitisho vya kuzingirwa kwa manowari, alitia saini tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa la Mkunazini, pembezoni mwa mji, karibu na hori la Pwani Ndogo lililotenganisha Mji Mkongwe na mtaa wa Ng'ambo, likafungwa. Livingstone alikuwa amekwisha kufariki tarehe 1 Mei mwaka huohuo katika kijiji cha Chitambo, na habari zilikuwa bado ziko njiani.

Kiwanja kikabaki kitupu. Kasisi wa misheni, Arthur Nugent West, alinunua sehemu yake kwa fedha zake mwenyewe akaitoa kwa kanisa. Sehemu iliyopakana nayo ilitolewa bure na mfanyabiashara tajiri wa Kihindu, ambaye Wamisioni waliliandika jina lake Jairam Senji. Kipande hiki cha historia husahauliwa mno: sehemu ya ardhi ya kanisa kuu la Kikristo, katika mji wa Sultani Mwislamu, ilipatikana kwa mkono wa Mhindu. Kwanza palisimamishwa kibanda cha udongo, na Steere akahubiri humo kwa Kiswahili. Siku ya Krismasi 1873 jiwe la msingi likawekwa na Kapteni Prideaux, kaimu balozi wa Uingereza. Huyu alijua kifungo kwa mwili wake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa Wazungu waliofungwa na Mfalme Theodore wa Ethiopia pale Magdala. Miezi michache baadaye ndiye aliyeupokea mwili wa Livingstone ulipovushwa kutoka Bagamoyo, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara kwa miezi mingi.

Tozer alikuwa ameshindwa kwa maradhi na kujiuzulu. Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu katika Westminster Abbey mwezi Agosti 1874, akarudi Unguja akiwa na kanisa la kujenga.

Ramani zilichorwa na msanifu majengo wa London, C. Forster Hayward, na Steere akazifanyia kazi akiwa na mawazo yake mwenyewe. Kwamba jengo lingekuwa la Kigothi halikuwa jambo la kujadiliwa sana. Kwa Waanglikana wa kizazi kile, hasa wa mrengo wa UMCA uliopenda ibada ya kale yenye ubani na mavazi, matao yaliyochongoka na madirisha membamba marefu ndiyo yaliyokuwa sura ya kanisa. Lincolnshire, alikotoka Steere, imejaa makanisa ya vijiji ya namna hiyo yaliyojengwa karne nyingi nyuma. Mwaka 1839 wanafunzi wa Cambridge walianzisha chama cha kuchunguza majengo ya makanisa, na chama hicho kikaeneza imani kwamba Mkristo hana mtindo mwingine wa kujengea. Katika jarida lao walijadiliana hata jinsi Ugothi utakavyovumilia nchi za joto: kuta ziwe nene, madirisha yawe madogo, jua lizuiwe na upepo upite. Walijadiliana hayo wakiwa Uingereza. Steere alilazimika kuyajibu kwa vitendo.

Lakini tao lililochongoka halikuwa geni Unguja. Halikuzaliwa Ulaya. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, uliokamilika mwaka 879, una safu kwa safu za matao ya namna hiyo, na kanisa la Saint-Denis karibu na Paris, ambalo wanahistoria hulihesabu kuwa mwanzo wa Ugothi, lilianza kubadilishwa sura yapata mwaka 1140. Pwani yetu nayo ilikuwa na matao yake. Magofu ya misikiti ya Gede na Kilwa yanaonyesha matao yaliyochongoka yakiwa yamechongwa kwa jiwe la matumbawe karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Wamisioni. Kwa hiyo mwashi wa Unguja aliyepewa mchoro wa dirisha la kanisa hakupewa umbo la ajabu. Alipewa umbo alilolijua kwenye kibla cha msikiti wa mtaani kwake, likiwa limevaa mapambo mengine. Ukizitazama kuta za nje za kanisa la Mkunazini utaona jinsi Ugothi na Uarabu vilivyochanganyika, na ni vigumu kusema mmoja ulikomea wapi na mwingine ukaanzia wapi.

Ugumu ulikuwa kwenye jiwe na kwenye paa.

Kanisa la Kigothi la Ulaya husimama kwa hesabu ya mizigo. Uzito wa dari hukusanywa na mbavu za mawe, ukateremshwa kwenye nguzo, na kule unakotaka kusukuma ukuta nje huzuiwa na viegemeo vya mawe. Ndiyo maana kuta zaweza kutobolewa madirisha makubwa. Hesabu hiyo hutaka jiwe gumu linalochongeka kwa kipimo sawasawa, kama lile la chokaa la Ufaransa au Lincolnshire. Unguja hakuna jiwe la namna hiyo. Kuna matumbawe. Yale yanayokatwa baharini yakiwa bado mabichi ni laini, huchongwa nakshi kwa urahisi, kisha hukakamaa yakianikwa juani. Yale ya nchi kavu ni magumu, yana matundu, na huvunjika ovyo, hivyo hutumika kama kifusi cha ukuta. Kinachoyashika pamoja ni chokaa, nayo pia hutoka kwenye matumbawe: mawe hupangwa juu ya lundo la kuni na magogo, huchomwa, huachwa yapoe, hulowekwa, na kadiri chokaa inavyokaa kabla ya kutumika ndivyo inavyokuwa njema. Ukuta wa namna hii una nguvu ya unene wake. Mbavu nyembamba za kubeba dari ya Kigothi zisingewezekana kwa kifusi.

Boriti nazo, kama tulivyoona, hazikufika. Mbao ndefu za kuagiza kutoka nje zingekuwa chakula cha mchwa. Bati lingegeuza ukumbi kuwa tanuri, na mvua ya masika ingezima sauti ya padri.

Steere akachagua tao la zege. Aliagiza saruji ya Portland, ambayo wakati huo bado ilikuwa kitu kipya hata kwa wajenzi wengi wa Ulaya, akaichanganya na matumbawe yaliyopondwa, na kuukusudia mchanganyiko huo uwe jiwe moja kubwa lililopinda kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Hapakuwa na nondo ndani yake. Tao kama hilo halitulii tu juu ya kuta. Huzisukuma nje kwa urefu wake wote, mchana na usiku, kwa miaka yote ya uhai wake. Basi kuta zilipaswa kuwa nene za kutosha kupinga msukumo huo bila kuchoka. Na kabla zege halijashika, lilihitaji kiunzi cha mbao cha kulibeba, chenye umbo lilelile la tao, kilichojengwa juu kabisa ya ukumbi mtupu.

Wengi walisema litaanguka. Wazungu wa mjini walisema hivyo, na wenyeji walisema hivyo. Siwalaumu. Kila aliyekaa Mji Mkongwe amewahi kusikia au kuona ukuta wa matumbawe ukiporomoka baada ya mvua kubwa. Hata hivyo nadhani waliotabiri maanguko walikuwa wamesahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kidichi, safari fupi tu kutoka mjini, kulikuwa na hamamu zilizojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke Mwajemi wa Sultani Sayyid Said, zenye makuba ya mawe na chokaa. La pili, na kubwa zaidi, ni Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa Kilwa uliezekwa kwa makuba na matao ya kifusi cha matumbawe zama ambazo mji huo ulitawala biashara ya dhahabu ya Sofala, na sehemu ya dari hizo ingali imesimama. Steere alileta saruji. Elimu ya kumimina mawe na chokaa juu ya kiunzi yakawa dari ilikuwapo pwani miaka 500 kabla yake.

Na kazi yenyewe ya kushindilia? Kila nyumba ya mawe ya Unguja ilipata sakafu na dari yake kwa vikosi vya watu waliopiga chokaa kwa vipande vya mti, wakienda kwa mdundo mmoja na nyimbo, siku baada ya siku. Watu waliozaliwa katika ufundi huo ndio waliopatikana kujenga Mkunazini. Askofu alikuwa msimamizi wa ujenzi wake mwenyewe. Asubuhi alikuwa jukwaani pamoja na waashi, na saa nyingine za siku alikuwa kwenye tafsiri ya Agano Jipya na mashine yake ya kuchapia.

Hapa lazima niseme jambo ambalo masimulizi ya kanisa hulipita haraka. Mkataba wa 1873 ulifunga soko, haukufuta utumwa. Mtu aliyekuwa mtumwa Unguja tarehe 4 Juni aliamka mtumwa tarehe 6, na hali hiyo iliendelea kuwa halali katika visiwa vya Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Hamali na vibarua wengi wa mji miaka ya 1870 walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku, wakapeleka sehemu ya ujira kwa mabwana wao. Misheni ilikuwa na watu walioachiwa huru, waliokabidhiwa baada ya majahazi kukamatwa, na wengi wao wakakaa katika kijiji cha Mbweni. Lakini yeyote aliyeajiri mikono mjini wakati huo hakuweza kuwa na hakika kwamba jasho lote lililomwagika kiwanjani lilikuwa la watu huru. Kanisa lililokusudiwa kuwa alama ya mwisho wa utumwa lilipanda jiwe kwa jiwe katika mji wa watumwa. Ukweli huo haulipunguzii heshima. Unaturudishia tu waliolibeba.

Majina yao hayakuandikwa. Kazi yao moja, hata hivyo, kila mgeni huonyeshwa. Nyuma ya kanisa, karibu na birika la ubatizo, zipo nguzo 12 zilizosimamishwa juu chini: sehemu iliyopaswa kuwa kichwa iko sakafuni. Husimuliwa kwamba waashi waliziweka hivyo Askofu akiwa hayupo, naye aliporudi akaamua zibaki kama zilivyo. Waongoza wageni hulisimulia jambo hili watu wakacheka. Mimi halinichekeshi. Nguzo zilifika zikiwa zimechongwa tayari, zikawekwa mbele ya mafundi ambao majengo yao hayana nguzo za namna ile. Nyumba ya mawe ya Unguja hubebwa na kuta, na nguzo za msikiti hapa ni za mraba au pembe nane, sawa juu na chini. Fundi alifuata mantiki ya jiwe alilopewa. Nguzo zimebeba mzigo wake tangu siku ile, na hilo ndilo swali la kwanza la ujenzi.

Zege lilipokauka, kiunzi kiliondolewa, na tao likabaki mahali pake. Siku ya Krismasi 1879, miaka 6 tangu kuwekwa jiwe la msingi, kanisa likafunguliwa kwa ibada. Mwaka huohuo Steere alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wavulana waliokombolewa ambao Sultani Majid, aliyemtangulia Barghash, alimkabidhi Tozer mwaka 1864. Mtoto aliyefika Unguja kama bidhaa akawa mhudumu wa altare mita chache kutoka mahali palipouzwa watu. Baada yake alikuja Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kufikia daraja hilo.

Kazi za kumalizia ziliendelea. Mnara ulipata saa, ambayo husimuliwa kuwa zawadi ya Sultani Barghash kwa sharti kwamba mnara wa kanisa usipite kimo cha jumba lake jipya la Beit al-Ajaib, lililokamilika mwaka 1883. Steere hakuyaona yote. Alifariki ghafla Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lake. Huko Shangani Wakatoliki nao walijenga kanisa lao la minara miwili mwishoni mwa karne, kwa ramani ya Mfaransa na kwa mtindo wa Kirumi, nalo kwa sura ni jengo la Ufaransa lililohamishwa. La Mkunazini halingeweza kusimama popote pengine.

Mahali hapa pamebeba masimulizi mengi, na si yote yenye uzito sawa. Duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu mbele ya altare huonyeshwa kuwa ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Hayo ni mapokeo, na kanisa limeyatunza kwa heshima. Msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, umo ndani. Vyumba vya giza chini ya nyumba ya jirani iliyojengwa na misheni, ambavyo watalii huambiwa vilikuwa ghala la watumwa, vina tatizo la tarehe: nyumba hiyo ilijengwa takriban miaka 20 baada ya soko kufungwa. Mateso ya Mkunazini yalikuwa ya kweli na makubwa kupita kiasi. Hayahitaji kuongezewa chumba. Nje, sanamu za Clara Sörnäs za watu waliofungwa mnyororo ndani ya shimo, zilizowekwa miaka ya 1990, zinasema yanayopaswa kusemwa.

Na paa? Zaidi ya miaka 140 ya masika, vuli na hewa ya chumvi imelipitia. Nyufa zilifunguka, maji yakapenya, na kuta zikanyonya unyevu. Kati ya mwaka 2014 na 2016 ulifanyika ukarabati mkubwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na Mfuko wa Makumbusho ya Dunia, na pembeni kikafunguliwa kituo cha historia ya utumwa. Tatizo la majengo haya yote ni lilelile: anayekarabati kwa haraka hupaka saruji juu ya matumbawe, na saruji hufungia unyevu ndani, jiwe likaoza kimyakimya nyuma ya plasta inayong'aa. Chokaa huuachia unyevu utoke. Krismasi ya mwaka 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu, jumba ambalo husimuliwa kuwa mnara wa Mkunazini ulikatazwa kulipita. Kuchoma chokaa, kuilaza na kuipiga ni ujuzi wa mikono. Wazee wenye ujuzi huo Unguja ni wachache, na vijana wanaofundishwa ni wachache zaidi. Tao la Steere litahitaji fundi tena, na fundi huyo inabidi aanze kujifunza sasa.